Kiraka cha Kwapani

Sare za wahudumu wa ndege nazijua kuliko hata wanaozivaa. Nasema hivyo bila aibu, ingawa mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga ngazi ya ndege. Kazi yangu ni cherehani, kibandani kwangu Kibomet, hapa Kitale, na ninachoshona ni sare za shule, za walinzi, za kwaya na za manesi. Lakini mchana wateja wakipungua huwa nachukua simu na kuanza ukaguzi. Naikuza picha mpaka mshono uonekane. Nikipata kosa nafurahi, na furaha yenyewe si ya mtu mwema.

Kuna zile za kofia ndogo na kitambaa kinachoshuka shavuni. Kwenye picha zinapendeza, sibishi. Sasa mwambie huyo dada ainame amfungie mtoto mkanda, halafu uone kama kitambaa hakitachovya kwenye chai ya abiria. Kuna zile ndefu za maua, za kule mashariki ya mbali, zilizobana kuanzia kiunoni hadi kifundo cha mguu. Mvaaji anatembea hatua za kuku aliyefungwa miguu sokoni, na siku watu wakiambiwa waruke sijui ataruka vipi. Kuna hawa wa siku hizi wa suruali na raba nyeupe. Hao nawapa alama za starehe, maana miguu inapumua na mifuko ipo, ila ukikutana na mmoja wao barabarani utamwambia akujazie tangi la petroli.

Halafu kuna ile ya kijani cha chupa, ya shirika moja la Ghuba. Koti fupi la mikono mirefu, sketi inayoishia chini kidogo ya goti, skafu ya manjano. Hiyo nimeikagua miaka tisa na sijaiona na kosa. Inavaliwa na mdogo wangu.

Nieleze tangu mwanzo, maana watu wa kwetu wanaijua hadithi hii upande mmoja tu. Kazi ile niliitaka mimi. Nilipoona tangazo kwamba wanahoji wasichana katika hoteli moja Nairobi, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na fundi wa miaka miwili. Kila jioni jikoni kwa Mama, huko Bokoli, nilikuwa nasimama mbele ya jiko na kutangaza kwa Kiingereza kwamba abiria wafunge mikanda na warudishe viti vyao wima. Mdogo wangu alikuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne. Alikuwa anakaa pembeni anapukuchua mahindi na kunicheka. Mama alikataa nisafiri peke yangu, akasema niende na mdogo wangu anisindikize. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfikisha Nairobi: kunisindikiza.

Nguo za safari nilishona mwenyewe. Kitambaa cha suti, buluu ya giza, kilitosha mtu mmoja na nusu. Mtu mmoja nilikuwa mimi. Nilijikatia koti kwa kuiga picha niliyoipenda: kiuno kimeingia, mikono myembamba, na kwapa nimelishusha chini ili koti lianguke vizuri. Mdogo wangu nilimshonea kwa masalio. Mikono ya koti lake haikutosha upana, ikabidi nitie kipande cha pembe nne chini ya kila kwapa, kimelala mshazari, ili angalau mkono uingie. Niliona aibu ya kiraka kile. Nilimwambia, "Ukifika huko usiinue mkono ovyo, watu wataona."

Kitambaa cheupe cha blauzi kilikuwa kidogo zaidi. Yeye alikuwa na blauzi yake ya shule, kwa hiyo hakuwa na shida. Mimi nilijishonea ya mbele tu: kola, kifua, vifungo vitatu, na mgongoni kamba ya kufunga. Mafundi wote wanaujua ujanja huo. Ukivaa koti juu, hakuna anayejua kwamba nyuma uko uchi.

Pale hotelini mvua ilikuwa inanyesha. Mlangoni tuliambiwa kwamba aliyekuja kusindikiza ama ajiandikishe naye, ama angoje nje. Mdogo wangu akajiandikisha. Tulicheka sana juu ya jambo hilo, kwamba amejiandikisha ili asilowe.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa ukutani. Kuna mstari umechorwa juu, unavua viatu, unasimama kwa ncha za vidole, na unatakiwa uuguse, kwa sababu ndani ya ndege lazima ufikie vitu vilivyowekwa juu. Usipofika, unaenda nyumbani. Nilijinyoosha mpaka nikaona nyota. Vidole vyangu vilisimama chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Mama mmoja aliyekuwa na kalamu akatikisa kichwa kwa upole. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu. Aliinua mkono wake na kiraka chake mbele ya ukumbi mzima, akaugusa mstari na kuupita.

Mimi na yeye ni kimo kimoja. Mama alikuwa anatupima gauni la Krismasi kwa kumpima mmoja tu.

Kwa hiyo nilijiambia kwamba wameniibia. Nilijiambia yule mama wa kalamu alimtazama mdogo wangu usoni, akaona ile sura yake ya kuchekacheka, akahesabu mstari kwa jicho la huruma. Hilo ndilo niliishi nalo. Watu walipouliza nilisema nilikuwa mfupi kidogo, lakini moyoni nilikuwa na jibu langu: mimi niliyetaka nimekataliwa, na yule aliyekimbia mvua amechukuliwa.

Wivu wa namna hiyo ukishaanza, unaota kila mahali. Nilimwonea wivu kwa nyumba aliyomjengea Mama, yenye mabati ya buluu yanayoonekana kutoka barabarani. Nilimwonea wivu kwa mafuta ya kujipaka aliyoniletea, nikayatumia yote na bado nikawa nayachukia. Siku moja alinipigia simu akalalamika kwamba miguu yake imevimba kwa kusimama saa nyingi. Nilimwambia pole. Nilipokata simu nilikaa nikifikiri kwamba hata kuvimba miguu kwake ni kwa ng'ambo. Mimi yangu inavimbia hapa, kwa kukanyaga cherehani, na hakuna anayeniuliza nimevimbia nchi gani. Wateja wapya wakiingia kibandani, swali lao la kwanza ni moja: "Si wewe ni dada ya ule wa ndege?"

Mwaka huu, wakati wa mahindi mabichi, alikuja likizo. Mama alikuwa amemwomba aje na sare watu waione. Kwa sheria ya kazi yake haruhusiwi kuivaa akiwa mapumzikoni, naye mdogo wangu ni mtu wa sheria. Basi Mama akaitundika sebuleni kwa hanga, kati ya kalenda na picha ya marehemu Baba, juu ya makochi yenye vitambaa vyake vya kufuma. Sare ikawa mgeni. Watu walikuja kuiamkia. Wengine walitoka mbali kama Sirisia. Walikunywa chai wakiitazama, na kabla ya kuondoka kila mmoja aliigusa mkono.

Jumamosi walikuja akina mama wa kanisa, kumi na kitu, wakajaa sebule.

"Hii ndio inapanda ndege yenyewe?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama," mdogo wangu akajibu. "Inafuliwa na mashine na haikunjiki."

"Ati haikunjiki! Na ukikaa?"

"Hatukai sana, mama."

Wakacheka. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimama akaizunguka ile sare kama anayenunua. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe.

"Si fundi ako hapa? Atutolee kopi. Siku ya akina mama tunaingia kanisa na hii, sisi wote arobaini. Rangi ibadilike, lakini staili ikuwe hii hii."

"Lakini sisi tunaimba na mikono juu, bana," akasema mwingine, ambaye kila r kwake ni l. "Isikuje ikapasuka kwapa ya watu mbele ya pasta. Tutafulahi aje kama imelaluka?"

"Atashona," Mama akasema, kabla sijafungua mdomo. "Huyu ni msichana wangu, atashona."

Nilisema nitashona. Usoni nilikuwa nikitabasamu, lakini kile nilichokuwa nacho ndani ni afadhali nisikiandike. Haikutosha kwamba anaivaa yeye. Sasa niishone mimi, mara arobaini, ili kanisa zima lifanane naye.

Mdogo wangu alinipa sare hiyo siku mbili, naye akabaki Bokoli akizungukia jamaa. "Usifumue, dada," aliniambia. "Nikirudi tunakaguliwa mshono kwa mshono." Nilimwambia, "Mimi nifumue ya nini? Mimi ni fundi, naona kwa macho." Nilipofika Kibomet niliitoa kwenye hanga, nikaigeuza ndani nje juu ya meza, na nikachukua wembe.

Kama kuna mtu alitaka sare ile iwe na kosa, ni mimi. Niliipekua kama askari wa mpakani anavyopekua mzigo. Bitana imeachwa legelege makusudi ili isivute. Mpasuo wa sketi umefunikwa na pindo jingine, kwa hiyo mtu anaweza kukimbia na asionekane paja. Skafu inaonekana kama imefungwa fundo, kumbe ina kibanio nyuma. Mtu akiivuta inaachia, haimnyongi mvaaji. Vifungo vimeshonwa kwa mguu wa uzi, ili visibane kitambaa. Hata mahali pa jasho pamewekewa kitambaa cha kunywa jasho. Aliyeibuni aliwahi kumwona mtu akifanya kazi, siyo akipigwa picha tu. Nilichoka kusifu.

Kisha nikafika kwapani.

Kwapa limekatwa juu sana, karibu ligusane na mwili. Na chini yake kuna kipande cha pembe nne, kimelala mshazari, kimeshonwa kwa uzi wa rangi ile ile kisionekane. Nilikigusa. Nikageuza mkono wa pili, nacho kilikuwepo. Kiraka changu. Kile nilichomwambia akifiche, kimewekwa kiwandani makusudi, kwenye kila koti, kwa sababu kazi yao ni kuinua mikono.

Nilirudishia nyuzi nilizokuwa nimefumua, halafu nikafunga mlango wa kibanda ingawa ilikuwa saa nane mchana na wateja walikuwa wanapita. Nilivua blauzi nikavaa lile koti la kijani. Lilinikaa, mabega na vifungo na kila kitu. Nilivua viatu, nikasimama ukutani kwa ncha za vidole nikiwa na chaki mkononi, nikainua mkono. Koti halikusema kitu. Mkono ulienda wenyewe. Niliweka alama.

Koti langu la Nairobi lilikuwa pale pale. Miaka yote limetundikwa kibandani kama sampuli, wateja wanalichagulia staili, mimi nalionea fahari. Nililivaa, nikasimama mahali pale pale, nikainua mkono. Bega likapanda. Koti zima likanyanyuka kutoka kiunoni na kunivuta chini kama mtoto anayetaka kubebwa. Nilisukuma mpaka uzi ukalia. Niliweka alama nyingine, nikarudi nyuma nikatazama. Kati ya mistari ile miwili kulikuwa na upana wa vidole vitatu. Nairobi nilikosa viwili.

Sasa niseme jambo ambalo miaka tisa sikulisema hata kwangu mwenyewe. Wasichana waliotangulia kwenye foleni ile walikuwa wanavua makoti na kuyaweka kitini kabla ya kwenda ukutani. Niliwaona. Mimi nisingeweza kuvua, kwa sababu nyuma nilikuwa na kamba na mgongo wazi. Nilikuwa nimeokoa kitambaa. Hakuna aliyeniibia. Yule mama wa kalamu hakupendelea sura ya mtu. Nilijifunga mikono mwenyewe, kwa mshono mzuri, na mdogo wangu nikamfungulia yake kwa masalio.

Sikulia. Nilikasirika, na hasira ilikuwa haina pa kwenda. Nilikuwa nimezoea kuwa na mtu wa kumchukia, na sasa ilionekana sina. Nilikaa juu ya stuli na kujaribu kuendelea kumwonea wivu kama kawaida, nikaona haushiki. Alikuwa na bahati, basi. Bahati ya mtoto aliyekimbia mvua.

Kesho yake kabla ya chakula cha mchana mdogo wangu akaja kuchukua sare. Alikuwa amevaa jinzi na ndara, nywele amefunga leso, na bado mwanamke wa nyanya wa kibanda jirani alimwita "madam". Aliingia, akaichukua sare, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa.

"Umefumua," akasema.

"Nimerudishia."

"Naona. Hata inashinda ya mwanzo." Alicheka. Halafu akaona ukuta.

Alitazama mistari ya chaki. Akatazama koti la buluu juu ya kiti. Mtu mwingine yeyote angeuliza, hiyo mistari ni ya nini? Yeye hakuuliza. Uso wake ulibadilika taratibu, na hapo ndipo nilipojua.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Dada."

"Tangu lini?"

Alikaa kwenye gunia la vipande vya kitambaa. Aliweka sare magotini na kuilaza vizuri, ingawa haikunjiki.

"Tangu siku hiyo hiyo. Si nilikuwa nyuma yako? Koti ilikuwa inakuvuta. Ilipanda mpaka nikaona ile kamba ya mgongo. Wengine wote walikuwa wanatoa makoti, na mimi nilikuwa na blauzi ya shule, nzima. Ningekuita kando tubadilishane blauzi. Choo ilikuwa hapo tu. Dakika moja."

"Mbona hukuniita?"

"Mimi ndio nilikuwa nafuata kwa foleni."

Nilidhani sikusikia. Nilimwambia, "Si wewe ulijiandikisha juu ya mvua? Si wewe ulikuwa hutaki?"

"Nani alikwambia sitaki?" Alisema hivyo kwa ukali, mara yake ya kwanza kunipandishia sauti maishani. "Wewe ulikuwa unatangaza pale jikoni kila jioni. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi, na yale maneno yote nilikuwa nimeyashika kichwani kabla yako. Lakini wewe ndio mkubwa. Ningesema aje nataka kitu yako? Nikaona koti inakuvuta, nikasema, Mungu, nikinyamaza tu, labda itakuwa yangu. Nikanyamaza."

Nje, mwanamke wa nyanya alikuwa akipigia mteja kelele asibonyeze nyanya zake. Miaka tisa nilikuwa nimeumizwa na jambo moja, kwamba kazi ilimwendea mtu asiyeitaka. Kumbe aliitaka. Aliitaka kuliko mimi, kiasi cha kumwacha dada yake ashindwe mbele ya macho yake. Sijui kwa nini hilo lilinifanya nimwone mtu mzima kwa mara ya kwanza.

"Ungekuwa wewe nyuma yangu," akaniuliza, "ungeniita?"

Niliwaza ile foleni. Nilijiweka nyuma yake, nikamwona anajinyoosha, nikaiona kamba mgongoni kwake.

"Ningenyamaza," nikasema.

Akalia basi, kichwa ameinamisha juu ya mikono yake, sare ameisogeza pembeni machozi yasije yakaidondokea. Mimi nilimshika bega kama inavyotakiwa. Lakini nikiwa nimemshika hivyo nilikuwa natazama ule mstari wa juu wa chaki, nikifikiri kwamba kwa miaka tisa, huko angani na kila mahali alikokwenda, huyu alikuwa anajua kwamba mikono yangu ingefika bila lile koti. Mimi mwenye mikono nimejua jana. Hata hilo alikuwa nalo kabla yangu, na nikamwonea wivu.